Aliyetuita Pembeni

Jina yake ninaijua. Ninajua na ya baba yake, na ya dada yake mwenye aliolewa Mahagi-Port, na hata ya mbwa yenye ilimupasulia suruali siku ya kwanza alifika kambini: Simba, mbwa ya Mama Lotsove. Lakini jina yake sitaiandika hapa. Yeye alikuja kwetu na kiapo kwamba maneno yote ya ndani ya hema yake haitatoka nje, na wiki haikuisha kambi nzima ilikuwa inajua kwamba Muzee Baraka anakojoa kitandani. Mimi nataka nimuonyeshe namna mutu anachunga siri. Tumuite tu vile watu wote walimuita, Munganga wa Mawazo.

Hakuwa mutu wa kusengenya, hapana. Kosa ilikuwa ya hema na ya kazi yake ya zamani. Hema ilikuwa ya bashi, ile plastiki nyeupe yenye walitupatia siye wote tuliokimbia vita, na watu wenye kungoja zamu yao walikaa chini wakiegemea ukuta wake. Halafu yeye, mbele ya kuwa munganga, alikuwa mwalimu wa shule ya musingi, na mwalimu akiandika anasoma kwa sauti. Muzee Baraka alimunong'oneza vizuri kabisa. Yeye akarudilia, kalamu ya biki mukononi: "A-na-ko-jo-a... ki-ta-nda-ni... mara ngapi, Muzee?" Inje huku wanawake waliziba midomo na vitenge.

Na munganga wa kweli hakuwa pia. Alifanya formasio, mafunzo ya siku tano, ndani ya hoteli moja ya Bunia, kule wanakula kuku muchana na mangaribi, akarudi na karatasi ndani ya plastiki na jile ya bluu, kikoti bila mikono, yenye mifuko kumi na moja. Niliihesabu. Jile ile hakuivua hata jua ikiwa kali namna gani. Siku moja tulimukuta anaoga mutoni karibu na kambi, jile iko juu ya jiwe, imekunjwa kama nguo ya padri, na yeye anaiangalia kila dakika kama vile ingekimbia.

Kazi yake ilikuwa kutibu mawazo. Na mawazo pale kambini ilikuwa nyingi kuliko mahindi. Kila mutu alikuwa ameacha kitu nyuma: mwingine ng'ombe, mwingine nyumba ya mabati, mwingine watu. Basi wakubwa wa proje, ule muradi wenye ulimutuma kwetu, wenye kukaa mbali, walimupa dawa tatu za kutuletea.

Dawa ya kwanza ilikuwa karatasi yenye sura tano. Sura ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia, zile za katikati hazijui zifanye nini. Anakuwekea mbele, anasema: "Mama, leo weye ni gani?" Unyuthi, yule Mualur mwenye kuuza chumvi, aliangalia muda murefu, akauliza: "Hawa watu wote upara umewapata wapi?" Muzee Baraka yeye aliweka kidole juu ya mwenye kucheka. Munganga akafurahi, akaandika. Muzee akasema: "Anafanana na mukwe wangu. Mushenzi kabisa."

Dawa ya pili ilikuwa kupumua na hesabu ya Kifaransa. "Vuta pumzi, en, de, trwa, katre. Shika. Toa polepole." Alipanga wanawake kwenye musitari, wengine na watoto mugongoni, wengine na muchi wa kutwanga mukononi. Mama Lotsove alivuta pumzi mara tatu, akasimama, akamuambia: "Munganga, mimi ninapumua tangu nizaliwe, na tazama mahali nimefika."

Dawa ya tatu ilikuwa kunyamaza. Hiyo ndiyo ilimushinda. Walimukataza kule hotelini asimupe mutu shauri hata moja, asikilize tu. Kwa mambo ya huzuni aliitii. Mutu analia bwana yake, yeye anatikisa kichwa: "Ninakusikia, Mama. Ninakusikia." Lakini akiona chungu motoni shetani ya ualimu inamupanda: "Hii maharagi, Mama, chumvi umeitia mapema, haitaiva leo." Alitoa shauri juu ya paa, juu ya mbuzi yenye kukohoa, juu ya namna ya kukausha sombe, majani ya muhogo. Na shauri zake zilikuwa nzuri, lazima niseme. Mbuzi ya Ngona, muke wa muchungaji, ilipona. Ngona mwenyewe alibaki vile vile.

Alikula kwa kila mutu. Alisema: "Ukikataa chakula ya mutu, na yeye atakunyima mawazo yake." Kama mawazo inapimwa na bugali, basi aliijua mawazo ya kambi nzima, na ya jirani mara mbili.

Na kitu ingine yenye watu walishangaa: huyu munganga wa machozi alikuwa anaogopa machozi. Mutu akianza kulia, yeye anaanza kutafuta leso kwenye jile. Mufuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anatoa kamba, anatoa kipande ya sabuni, anatoa muhogo wa kuchoma. Akifika mufuko wa kumi na moja, mwenye kulia ameshamaliza, anamuangalia na huruma. Wengine walisema dawa ya kweli ilikuwa ile jile.

Siye tulikuwa mwisho wa kambi, nyumba saba tu, Wanyali, watu tuliotoka upande wa Bambu. Kabila yetu ni ndogo. Ukituita wote siku ya ubatizo, tunaingia ndani ya kanisa moja na nafasi inabaki. Kwenye karatasi ya Munganga kulikuwa kisanduku ya kila kabila kubwa ya hapa kwetu. Yetu haikuwa. Chini kabisa waliandika neno ya Kifaransa, "autres," maana yake wengine. Basi siye tukawa Waotre. Watoto wetu wakatengeneza timu ya mupira, wakaiita hivyo, na ilishinda mara nyingi.

Lakini kuwa Waotre haikutusaidia kutibiwa: hata Muzee Baraka, mukubwa wetu, aliandikwa, na shefu, bosi ya Munganga, akamufuta. Munganga alipita kwetu, akakula, akatushauri juu ya choo, akasema: "Muvumilie kidogo. Karatasi za kabila ndogo bado hazijafika. Shefu anasema inafaa mambo ifuate desturi yenu, na desturi yenu bado wanaitafuta."

Muzee Baraka akamuambia: "Mimi niko hapa. Waniulize."

"Inatoka Kinshasa, Muzee."

Na kwetu, wakati ule, kulikuwa mutu wa kutibiwa. Ndiyo sababu yenyewe ninaandika.

Mutoto wangu Ezekieli alikuwa anachimba zahabu kule Bambu. Vita ilipofika, watu walitoka huko kila mutu na njia yake. Tulihesabu wenye walifika Bunia: huyu yuko, huyu yuko. Ezekieli hakuwa. Hakuna mutu alimuona anaanguka, hakuna mutu alimuona anakimbia. Muke wake Sifa alikuwa na mimi, na mutoto wao Rachele, kitoto cha kunyonya bado.

Mwanzoni Sifa alipika na kuweka sahani ya bwana yake. Halafu akaacha kupika, akaweka sahani tupu. Halafu akaacha kusema. Alikaa mbele ya bashi, macho kwenye njia, kutoka asubui. Rachele alilia, mimi nilimuweka kwenye ziwa ya mama yake, mama hakumuangalia. Maziwa ikaanza kukauka. Nilimupa mutoto uji, nikamupa na uongo: mama yako atarudi sasa hivi.

Lazima mujue desturi yetu, sababu bila hiyo hamutaelewa kitu. Kwetu, habari ya kifo haisemwi mulangoni, mbele ya watu wote, kama bei ya samaki. Mwenye kuileta si mutu wa jamaa. Anasimama mbali kidogo, anavua kofia, anamuita mwenye kufiwa: "Njoo hapa pembeni, weye peke yako." Hana lazima ya kuongeza neno. Hakuna mutu wetu anaitwa pembeni kwa habari ya harusi. Hata kutongoza, kwetu kijana anatongoza mbele ya mashangazi. Ukiitwa pembeni, ni kifo, na kilio kinaanza pale pale, na mwenye kuita anakaa. Hawezi kuondoka mpaka mwenye kufiwa anywe maji kutoka mukono yake.

Sasa kwa Ezekieli nani angekuja? Hakuna mwenye aliona. Na bila mwenye kuita hakuna kilio, na bila kilio muke si mujane, wala si muke. Anabaki pale kama mulango wenye haufungwi wala haufunguliwi. Sifa alikuwa pale.

Muchungaji alikuja, akamupigia kelele Sifa masikioni, akasema ni pepo ya bubu. Alituambia: "Nikirudi Siku ya Mungu, kisha ibada, nikimukuta hivi, tutamupeleka kwenye chumba ya maombi." Chumba ile tuliijua. Watu wanafungwa mikono na kamba, wananyimwa chakula mpaka pepo isikie njaa. Nilimuuliza: "Na mutoto mwenye kunyonya?" Akasema: "Mungu atatoa."

Nilikwenda mimi mwenyewe kwenye hema ya Munganga. Nikamuambia kila kitu. Alisikiliza vizuri, akapekua makaratasi, uso yake ikawa ya aibu. "Mama Ezekieli, Sifa ni Muotre. Nikimuandika bila karatasi, shefu atamufuta." Nikamuambia: "Amufute basi, lakini weye umuone kwanza." Akasema ataona.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu ya wiki. Siku ya ine, asubui, Muzee Baraka alikuwa ananyoa ndevu na kipande ya wembe, upande moja imekwisha. Mimi nilikuwa nasuka mukeka. Sifa mahali pake. Tukaona Munganga anakuja mbio, jile inapepea. Nyuma tulijua sababu: shefu yake alipiga simu kwamba wageni watafika kesho kutoka mbali sana, na kwenye raporo, ile ripoti yake, hakuna hata Muotre mumoja.

Alipofika karibu na nyumba zetu akapunguza mwendo. Kule hotelini walimufundisha: usimuite mutu mbele ya wenzake, linda heshima yake. Basi akasimama mbali kidogo, pale kwenye kuni zetu. Akavua kofia, sababu ya jasho. Akainamisha kichwa, sababu ya heshima. Akasema na sauti ya chini:

"Mama Sifa. Njoo hapa pembeni kidogo. Weye peke yako."

Wembe ya Muzee Baraka ilianguka chini.

Mimi nilimuangalia yule mwanaume. Nimeona wenye kuleta kifo, wengi, tangu nikiwa musichana. Wanakuwa na uso ingine. Huyu alikuwa na uso ya mutu mwenye kutafuta kujaza karatasi. Nilijua pale pale kwamba hana habari, hajui kitu, na kabla siku haijaisha angeniomba maharagi. Nilikuwa na neno mudomoni: mumusamehe, hajui desturi yetu. Neno ndogo. Nikageuka kumuangalia Sifa. Mudomo wake, wenye ulifungwa tangu mvua ya kwanza, ulikuwa unafunguka.

Neno yangu niliimeza. Nilijitupa chini, nikapiga kelele: "Ezekieli! Ezekieli wangu!" Mimi mama yake. Watu wanasemaka ni Munganga alimuua Ezekieli na karatasi. Hapana. Nilimuua mimi, kwa sauti kubwa, na nguo yangu haikupata hata tone ya damu.

Sifa alilia. Sitaeleza kilio ile. Simba, mbwa ya Mama Lotsove, yenye haikuogopa mutu, ilikimbia.

"Hapana!" Munganga alikuwa anapiga mikono. "Hapana, Mama! Hakuna kitu! Nilikuja kuuliza kama analala!"

"Sasa atalala," Muzee Baraka akamuambia, ndevu upande moja. "Kaa chini."

"Muzee, nina watu wengine wa kuona!"

"Umetuletea kifo, unataka kwenda wapi? Kaa chini, baba."

Akakaa. Wanawake walikuja na kuni, na hawakuwa watu wa kabila yetu: Mama Lotsove, Unyuthi, Ngona muke wa muchungaji, na wale dada wawili Neema na Riziki wenye hawakusemeshana tangu waligombana kule Tchomia juu ya chandarua moja. Walikaa kwenye kuni moja. Hakuna mutu aliwauliza ni kisanduku gani.

Munganga alikaa siku tatu kwenye vumbi, karibu na miguu ya Sifa. Shefu alipiga simu. Akajibu kwa kunong'ona: "Niko kwenye seansi ya matibabu, shefu. Ndiyo. Ya mutu mumoja. Ndiyo, bado ni ile ile." Kwa mara ya kwanza alinyamaza kweli, sababu kila mara akifungua mudomo Muzee Baraka alimuangalia na ile ndevu yake ya nusu, na kwetu hakuna mutu ananyoa kwenye kilio.

Wageni walifika siku ya pili. Waliona watu wengi, makabila yote pamoja, na mutu wao mwenye jile katikati. Mwanamuke moja wa kizungu alitoa machozi. Walipiga picha, wakaandika kwamba jamii imeshiriki.

Siku ya tatu Sifa alipokea kikombe kutoka mukono ya Munganga, akanywa maji. Sifa akageuka kwangu, sauti kama ya mutu mwenye ametoka kwenye homa: "Mama, Rachele amekula?"

Muchungaji alikuja Siku ya Mungu na kamba. Alimukuta Sifa anaogesha mutoto. Akasema ni maombi yake, aliyaomba akiwa mbali.

Kama mambo ingeishia pale, ningesema proje ilikuwa nzuri. Lakini kitu ikifaulu, wakubwa hawaiachi. Raporo iliandika kwamba mwanamuke wa kabila ndogo amepona na seansi moja. Shefu akaja, akauliza ni njia gani. Munganga alijaribu kueleza kwamba ilikuwa kosa. Shefu akasema: "Usiwe na unyenyekevu." Wakafanya atelie, mukutano wa mafunzo, hotelini, na kuku. Wakamuleta kijana moja kutoka Kinshasa kueleza desturi yetu siye Wanyali. Muzee Baraka alialikwa, wakamukalisha nyuma, wakamuomba mwisho acheze ngoma kidogo.

Kutoka kwa atelie ile tulipata vitu viwili. Kitu ya kwanza, hema mupya ya muviringo, yenye kufuata nyumba za mababu zetu, na ngoma imechorwa mulangoni. Nyumba za mababu zetu zina kona ine. Kitu ya pili, ile kuita pembeni iliwekwa kwenye kitabu, na jina ndefu ya Kifaransa, na amri ya kuita pembeni kila Muotre mara moja kwa wiki.

Mara moja kwa wiki! Tulilia mpaka macho ikakauka. Anaitwa mama huyu, tunaanguka chini. Tunauliza ni nani amekufa, hakuna. Muzee Baraka alisimama mbele ya shefu, akamuambia: "Bwana mukubwa, subiri basi tufe kwanza."

Munganga alijua ni upumbavu. Na aliendelea kuifanya, sababu alikuwa na watoto sita na jile moja. Lakini alipata namna yake. Akiwa mbali bado, njia nzima alikuwa anapiga kelele: "Hakuna mutu amekufa! Ni karatasi tu! Hakuna mutu amekufa!" Halafu akifika anasema polepole: "Mama, njoo pembeni." Hapo siye tunakwenda tukicheka. Nafikiri watu wengine waliponea pale, kwenye kucheka, lakini hakuna kisanduku ya hiyo.

Jambo moja ilimula ndani. Aliogopa siku moja Ezekieli atarudi muzima. Akiona kijana murefu kwenye njia, anasimama nyuma ya Mama Lotsove. Mimi nilimuchokoza: "Munganga, jana nimemuota. Anakutafuta, yuko na panga." Anacheka, lakini mukono unaanza kupekua mifuko.

Siku moja, anakula kwangu, aliweka sahani chini. "Mama Ezekieli, mimi na weye tuseme ukweli. Sifa alilia. Weye hukulia."

"Mimi? Nililia kuliko wote. Sauti ilinikauka wiki nzima."

"Ulipiga kelele," akasema. "Sio kitu moja."

Nilimufukuza. Nilimuambia aende akatafute wapumbavu wenzake wa kuhesabu pumzi. Yule mwanaume hakuona mbwa, hakuona ukuta wa hema, hakuona desturi ya watu mbele ya pua yake, lakini hiyo aliiona. Ni kweli. Nilimutangaza Ezekieli amekufa, kwa ajili ya muke wake na mutoto wake. Kwa ajili yangu mimi sikumutangaza. Suruali yake ya kanisani nilikuwa ninaifua kila mwezi, ninaianika ndani ili Sifa asione, na harusi ikipita njiani na vijana, niliwapima urefu na macho, nikimutafuta.

Hema ya muviringo walikuja kuichukua, proje iliisha. Jile walimuachia, sababu ilikuwa imechakaa. Tulitoka kambini, tukapata nyumba ndogo hapa mujini, udongo na mabati. Sifa anauza samaki ya kukausha, yenye inatoka Tchomia, na ana mudomo sasa, wateja wanamuogopa. Rachele anasoma. Nilisikia Munganga amerudi kwenye shule yake, anafundisha darasa ya pili. Nikasema vizuri, huko akisoma kwa sauti anasaidia.

Kiangazi hii, wakati wa vakansi, likizo ya shule, alikuja. Ilikuwa muchana. Sifa alikuwa anatwanga sombe, mimi nachambua maharagi kwenye ungo. Hakuwa na jile. Sikumutambua haraka, alionekana ndogo, kama kuku yenye imenyeshewa. Viatu yake ilikuwa na vumbi nyekundu, ile ya barabara ya Bambu. Mimi vumbi ile ninaijua.

Alisimama katikati ya kiwanja. Akaenda mbali kidogo, kwenye ua. Akarudi katikati. Alivua kofia, akaivaa, akaivua.

"Mama," akasema, "sijui nisimame wapi."

Sifa aliacha muchi.

"Simama hapo hapo," nikamuambia. "Sema."

Alisema vizuri, bila kuuliza swali hata moja. Alikwenda Bambu tangu vakansi ianze, akakaa na wachimbaji, akakula nao, mutu hadi mutu, mpaka akamupata moja mwenye alikuwa na Ezekieli siku ile. Walijificha ndani ya shimo, watu ine. Udongo ulianguka. Huyu alikuwa karibu na mulango, alitoka. Ezekieli alikuwa nyuma yake, ndiye alimusukuma atoke. Udongo, si panga. Ilikuwa mara moja. Mutu yule aliogopa miaka hii yote kuja kutuangalia usoni.

"Ulipaona?" nikauliza.

"Nilipaona, Mama. Pamekuwa sawa. Watu wamelima juu yake, wamepanda mihogo."

"Mihogo ya aina gani?"

Aliniangalia.

"Ya tamu ao ya uchungu?"

"Mama... hiyo sikuuliza."

Hasira ilinipanda, ile yenye inaanzia kwenye miguu. Nilisimama, maharagi ikamwagika. Nilimuambia: mutu muzima! Mwalimu! Miaka yote unauliza watu wanalala namna gani, wanaota nini, leo weye ni sura gani, na unakwenda mpaka Bambu, unasimama juu ya mutoto wangu, unarudi bila kujua ni mihogo ya aina gani! Na katikati ya ile hasira sauti yangu ilikatika, na kitu ingine ikatoka mahali pake. Sikujitupa chini. Sikuita jina. Nilikaa tu juu ya maharagi, na macho ilifanya kazi yake.

Munganga hakutafuta leso. Hakuwa na mifuko. Aliinama, akaanza kuokota maharagi, moja moja, anaiweka kwenye ungo.

"Nitarudi kuuliza, Mama," akasema. "Kesho nitarudi."

Nikamuambia: "Kaa chini kwanza."